Kirusi si Trojani: Tofauti Inayogusa Fedha na Siri za Sharika Zetu



Mmezoea kusoma katika jarida hili habari za visima, ng'ombe wa maziwa na mfuko wa elimu. Katika toleo hili tunaomba tuzungumze juu ya kompyuta. Hatujaiacha kazi yetu, ila karibu kazi yote hiyo sasa inapitia humo: taarifa za robo mwaka, orodha za wanafunzi tunaowalipia ada, kumbukumbu za huduma ya wagonjwa majumbani, pamoja na mawasiliano yetu na ninyi mnaotoa. Mwaka uliopita tulikaribia kupoteza mchango mkubwa, na pamoja nao uaminifu wetu, kwa sababu hatukujua kutofautisha vitu viwili ambavyo wengi wetu tunaviita kwa jina moja la "virusi".

TULICHOJIFUNZA KWA AIBU

Ilikuwa hivi. Usharika rafiki mmoja wa Ulaya ulitupigia simu kuuliza kama ni kweli tumebadilisha namba ya akaunti ya benki. Walikuwa wamepokea barua pepe kutoka kwenye anwani yetu halisi, yenye salamu zetu za kawaida na hata namba ya mradi, ikiwaomba watume mchango wa awamu ya pili kwenye akaunti mpya. Sisi hatukuwa tumeandika barua hiyo. Tunamshukuru Mungu kwamba mhazini wao alikuwa na desturi ya kupiga simu kabla ya kutuma. Hakuna fedha iliyopotea.

Tulipopata habari hizo, wote tulisema kwa kauli moja, "Kompyuta zimeingiliwa na virusi!" Tukaziita flashi zote kutoka sharikani, tukazipima moja moja kwa programu ya kuzuia virusi, kazi iliyotuchukua siku nne. Baadhi yake zilikuwa na virusi kweli. Tukavifuta na kufurahi. Wiki iliyofuata barua nyingine ya uongo ikatoka, safari hii kwenda kwa mfadhili mwingine. Ndipo mwenzetu mmoja wa ofisini alipojitokeza na kusema kwa machozi kwamba wiki kadhaa nyuma alifungua kiambatanisho cha barua pepe kilichoandikwa kuwa ni mkataba uliorekebishwa. Hakuona kitu chochote kikifunguka, naye akaona aibu kuuliza.

Kilichokuwa ndani ya kompyuta yake hakikuwa kirusi. Kilikuwa trojani, nayo haikuwa imegusa flashi hata moja. Kwa siku nne tulimsaka mwizi uani, kumbe yeye ameketi sebuleni. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili kwa lugha ya kawaida, ili kila kamati ilielewe.

KIRUSI HUAMBUKIZAJE PROGRAMU?

Programu yoyote ya kompyuta, iwe ya kuandikia barua au ya kutunzia hesabu, ni orodha ndefu ya maagizo. Kompyuta huyasoma maagizo hayo na kuyatii bila kuuliza ni nani aliyeyaandika. Hapo ndipo kirusi hupata nafasi.

Tuchukue mfano wa kitabu cha ibada. Tuseme usharika una kabati lenye vitabu 100 vya ibada, na kiongozi wa ibada ni mtu mtiifu kupita kiasi, anayetenda kila neno lililoandikwa kitabuni. Mtu mbaya anachukua kitabu kimoja, anabandika karatasi ndani ya jalada la nyuma, kisha juu ya ukurasa wa kwanza anaandika: "Kabla ya kuanza, nenda nyuma, fanya yaliyoandikwa huko, kisha rudi hapa uendelee." Kwenye ile karatasi ya nyuma ameandika: "Chukua kitabu kingine kabatini, kibandike karatasi kama hii, na mbele yake andika kama ilivyoandikwa humu."

Jumapili ibada inaendelea kama kawaida. Nyimbo ni zilezile na sala ni zilezile. Washarika hawaoni tofauti, isipokuwa labda ibada imechelewa kidogo kuanza. Lakini kila kitabu kilichobandikwa karatasi kinapotumika, kingine kinaambukizwa. Kitabu kimoja kikiazimwa na mtaa wa jirani, kabati la huko nalo linaanza kuugua. Tena inawezekana karatasi ile ikawa na agizo la mwisho: "Ikifika tarehe fulani, chana kurasa zote."

Hivyo ndivyo kirusi cha kompyuta kinavyofanya kazi. Hubandika maagizo yake, mara nyingi mwishoni mwa faili la programu nzima isiyo na kosa, kisha hubadilisha mwanzo wake ili kompyuta ipitie kwanza kwenye maagizo ya kirusi. Kikishamaliza kujinakili katika programu nyingine, hurudisha kazi kwa programu yenyewe, nayo hufunguka kama siku zote. Kwa hiyo kirusi kina mambo matatu ya kukitambulisha: kinahitaji mwenyeji wa kukaa ndani yake, kinajizalisha chenyewe, na hakiamki mpaka mwenyeji wake afunguliwe.

Jina hili lilichaguliwa kwa kufananisha na virusi vya magonjwa, ambavyo navyo haviwezi kuzaliana nje ya chembe hai. Mwaka 1983 Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alionyesha mbele ya wenzake jinsi programu inavyoweza kuziambukiza nyingine. Aliyependekeza kuiita kirusi alikuwa mwalimu wake, Leonard Adleman.

Kwa miaka mingi virusi vimejificha katika sehemu kuu tatu:

a) Mwanzo wa diski, yaani pale kompyuta inaposoma kwanza inapowashwa. Kirusi kilichoitwa Brain, kilichotengenezwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa mjini Lahore nchini Pakistan, kilikaa hapo kwenye disketi. Ndugu hao waliandika ndani yake majina yao na namba zao za simu, wakaeleza baadaye kwamba walitaka kuilinda programu yao isinakiliwe bila ruhusa.

b) Ndani ya mafaili ya programu. Mfano ni CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan mwaka 1998. Hiki hakikujibandika mwishoni. Kilijikatakata vipande na kujaza nafasi tupu zilizokuwa ndani ya faili, hivyo ukubwa wa faili haukuongezeka hata kidogo. Tarehe 26 Aprili 1999 kiliamka na kufuta mwanzo wa diski kuu za kompyuta nyingi zilizotumia Windows 95 na 98, na baadhi ya kompyuta zikashindwa hata kuwaka.

c) Ndani ya hati. Wengi hudhani barua au jedwali la hesabu haliwezi kuwa na kirusi kwa kuwa si programu. Lakini hati za Word na Excel zinaweza kubeba programu ndogo ndani yake, ziitwazo makro. Mwezi Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa kwa njia hiyo. Mtu alipofungua hati ya Word iliyoambukizwa, kilijituma kwa barua pepe kwenda kwa watu 50 wa kwanza katika orodha yake ya anwani.

TROJANI NI NINI BASI?

Wagiriki wa kale walisimulia habari za mji wa Troya uliozingirwa miaka 10 bila kuangushwa. Mwishowe maadui walijifanya wameondoka, wakaacha nje ya lango farasi mkubwa wa mti. Watu wa Troya walimvuta wenyewe mpaka ndani ya mji, wakafanya sherehe. Usiku askari waliojificha tumboni mwa farasi wakatoka na kufungua malango. Ukuta ulikuwa imara, ila wenye mji walimkaribisha adui kwa mikono yao.

Trojani ya kompyuta ni programu kamili inayojifanya kuwa kitu kingine. Haibandikwi kwenye programu ya mtu na haijizalishi. Katika ule mfano wetu wa kabati, trojani si karatasi iliyobandikwa kwenye kitabu chako. Ni kitabu kizima chenye jalada zuri, kinacholetwa mlangoni na mgeni mwenye tabasamu, nawe unakipokea na kukiweka madhabahuni. Inaweza kuja kama ankara, mkataba, picha, mchezo, au programu ya kulipia iliyotolewa bure na mtu usiyemjua. Ikishaingia hufanya ilichotumwa: kuiba maneno ya siri, kusoma barua, kumfungulia mwizi mlango wa nyuma, au kufunga mafaili yako na kudai fedha.

Ipo habari ya zamani ambayo sisi tunaohudumia wagonjwa tunapaswa kuijua. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu wa nchi nyingi, wakiwemo wasomaji wa gazeti la kompyuta na waliohudhuria mkutano wa kimataifa juu ya UKIMWI. Kwenye disketi paliandikwa kwamba ni habari za UKIMWI. Na kweli, ilipofunguliwa ilikuwa na maswali ya kumsaidia mtu kupima kiwango cha hatari yake ya kuambukizwa. Lakini chini kwa chini ilikuwa ikihesabu mara ambazo kompyuta imewashwa. Ilipofika kama mara 90, ilificha mafaili na kuvuruga majina yake, kisha ikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa kwa jambo hilo alikuwa mwanabiolojia Mmarekani, Joseph Popp, aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard. Alipelekwa Uingereza, lakini hakuhukumiwa kwa kuwa ilionekana hali yake ya akili haikumruhusu kushtakiwa.

Tuangalie mambo mawili katika habari hiyo. Kwanza, disketi ile haikuweza kujinakili. Ilibidi mtu anunue disketi, bahasha na stempu kwa kila aliyetaka kumdhuru. Kilichoisambaza ni hamu njema ya watu kujifunza juu ya ugonjwa uliokuwa ukiua. Pili, kilichovurugwa kilikuwa majina ya mafaili tu, yaliyomo yalikuwa bado salama, na haukupita muda mrefu wataalamu wakatoa programu ya kuyarudisha. Lakini wapo waliokwisha kufuta kila kitu kwa hofu, na iliripotiwa kwamba taasisi moja ya Italia ilipoteza kazi ya miaka 10. Hofu iliwadhuru kuliko trojani yenyewe.

JAMAA WA TATU: MNYOO

Kwa kuwa mtasikia pia habari za minyoo ya kompyuta, tuseme kwa kifupi. Mnyoo hujizalisha kama kirusi, ila hauhitaji kubandikwa kwenye programu nyingine. Husafiri wenyewe kwenye mtandao au kwenye flashi. Wengi wetu tumewahi kuona flashi ambayo folda zake zimegeuka zote kuwa njia za mkato. Mara nyingi hiyo ni kazi ya mnyoo: umeficha folda halisi, na ukibofya ile ya bandia unauamsha. Mwezi Mei 2017 mnyoo ulioitwa WannaCry ulienea katika nchi nyingi kwa siku chache, ukafunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza na kudai malipo, bila kumsubiri mtu afungue kiambatanisho.

Aidha, siku hizi mipaka imechanganyika. Mnyoo unaweza kubeba trojani mgongoni, na trojani ikishaingia inaweza kuleta wenzake. Virusi halisi, vile vya kubandika programu, vimepungua sana ukilinganisha na miaka ya 1990, na wezi wengi sasa hutumia trojani. Hata hivyo virusi vya zamani bado vinaishi kwenye flashi na kompyuta kuukuu, kama tulivyojionea wenyewe.

KWA NINI TOFAUTI HII NI MUHIMU KWETU

Kirusi hukuletea mtu mwaminifu asiyejua. Katibu wa usharika akileta taarifa kwenye flashi yenye kirusi, taarifa yake ni ya kweli na nia yake ni njema. Hatuna sababu ya kumshuku yeye, kinachopaswa kupimwa ni chombo alicholeta. Dawa yake ni kupima flashi, kusasisha programu ya kuzuia virusi, na kusafisha kompyuta zote zilizogusana, kwa maana ukiacha moja itaziambukiza nyingine upya.

Trojani hukuletea mdanganyifu aliyekusudia. Hapa inafaa kumpima mletaji na habari yake kabla hata ya kukigusa alicholeta. Programu ya kuzuia virusi husaidia, lakini trojani mpya inaweza kupita bila kutambuliwa. Tena kusafisha kompyuta peke yake hakutoshi. Mwizi akishachukua neno la siri la barua pepe yetu, anaweza kuendelea kulitumia akiwa nchi ya mbali hata kama kompyuta yetu sasa ni safi. Ndiyo maana barua ya pili ya uongo ilitoka baada ya siku zetu nne za kusafisha flashi. Ilitupasa kubadilisha maneno ya siri kwanza, tena kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama.

Bwana Yesu alitutahadharisha juu ya mbwa mwitu wanaokuja wamevaa mavazi ya kondoo, na watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume sura ya 17 kwa sababu walichunguza walichoambiwa. Kuchunguza si kukosa upendo.

MAMBO TUNAYOZIOMBA KAMATI ZA SHARIKA

1. Flashi ya kazi ya usharika isitumike kwa nyimbo, filamu wala kwenye vibanda vya kuchapisha. Ikilazimu kuchapisha nje, ipimwe kabla ya kurudi kwenye kompyuta ya ofisi.

2. Msifungue kiambatanisho msichokitarajia, hata kama jina la mtumaji mnalijua. Mpigieni kwanza. Angalieni pia mwisho wa jina la faili: hati haiishii na herufi exe. Kwenye simu, msiweke programu yenye mwisho wa apk iliyotumwa katika kundi la WhatsApp.

3. Hati ikiwataka mruhusu makro ndipo isomeke, acheni na muulize ofisini.

4. Msitumie programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Ni wizi, na mara nyingi ndani yake mna trojani.

5. Wekeni nakala ya akiba ya kumbukumbu zote kwenye diski ya nje kila wiki, kisha ichomoeni na kuifungia kabatini. Diski inayobaki imechomekwa itafungwa pamoja na kompyuta.

6. Mkishuku trojani, tenganisheni kompyuta na mtandao, msifute kitu chochote, na mpige simu Ofisi ya Miradi siku hiyohiyo. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kompyuta nyingine. Kuingilia kompyuta ya mtu ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo polisi nao wahusishwe.

7. Orodha za wagonjwa na za watoto zifungwe kwa neno la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo. Mtu aliyetuamini akatuambia anaishi na VVU ametupa amana, na amana hiyo haina akiba benki. Ikiibwa hairudishwi.

Jambo la nane ndilo kubwa kuliko yote: asiadhibiwe wala kuchekwa mtu anayekiri kwamba amefungua kitu kibaya. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo kitamwumbua. Mwenzetu angesema siku ileile, kazi ingekuwa ya saa chache. Hakusema kwa kuwa sisi viongozi tulikuwa tumezoea kumkemea kila anayeharibu kompyuta. Kosa la kubofya lilikuwa lake, lakini kosa la ukimya lilikuwa letu sote. Tumemwomba radhi, naye sasa ndiye anayewafundisha makatibu wa sharika jambo hili, kwa kuwa hakuna anayelieleza vizuri kuliko yeye.

KWA WAFADHILI NA MARAFIKI ZETU

Tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mkipokea barua yoyote inayosema akaunti yetu ya benki imebadilika, msitume kitu mpaka mmetupigia kwa namba ya simu mliyokuwa nayo tangu zamani, si namba iliyo ndani ya barua hiyo. Hatutachukizwa kuulizwa. Simu moja ya mhazini makini ndiyo iliyookoa ada za watoto wetu.

La pili, mtakapoona katika bajeti zetu kifungu kidogo cha programu ya kuzuia virusi, diski ya akiba na mafunzo ya makatibu, msikione kama anasa ya ofisi. Ghala la mahindi hujengewa mlango na kufuli, na hakuna mfadhili anayeuliza kwa nini. Kumbukumbu za watu wetu nazo ni ghala.

Tunazidi kuomba maombi yenu kwa ajili ya watumishi wote wanaotunza kumbukumbu hizo, wengi wao wakiwa wamejifunza kompyuta ukubwani na kwa taabu.